Besi Haina Makosa

Masika yalikuwa yameingia wiki ya pili, na kibanda cha ufundi pale Kariakoo kilinuka mbao zilizolowa na moshi wa risasi ya kuunganishia nyaya. Nilikwenda na shida ndogo tu, jeki ya waya wangu ilikuwa imelegea. Nikakuta watu watatu wanabishana juu ya gitaa la besi lililolazwa mezani juu ya gunia. Nikavuta kigoda, na waya wangu ukasahauliwa hadi jioni.

Mwenye kibanda ni dada wa miaka arobaini na ushei, aliyerithi meza na wateja kutoka kwa baba yake, fundi redio. Mbele yake alikaa mzee aliyeanza kucharaza besi kwenye bendi za dansi mwishoni mwa miaka ya 1960, ambaye siku hizi huja pale kusoma gazeti la mwenye kibanda na kutoa maoni asiyoombwa. Mwenye besi alikuwa kijana wa kwaya. Aliinunua mtumba, mzigo wa Japani, nyuzi nne, pikapu mbili, kwa shilingi 450,000 alizokusanya mwaka mzima. Kwenye simu yake kulikuwa na orodha ya anayotaka afanyiwe: pikapu mpya (zile sumaku za kunasa mlio wa nyuzi), priampu ya betri ya kuukuza mlio huo, na freti zote, vile vyuma vinavyokatiza shingo, zing'olewe.

Naandika nilivyosikia, nikiacha habari za mpira zilizokuwa zinaingia katikati.

KIJANA: Dada, nataka besi iseme. Hii inaguna. Nikipiga kanisani nasikia mbu, mbu, mbu, noti haina mwanzo wala mwisho. Jaco Pastorius alikuwa na Jazz Bass ya mwaka 1962 isiyo na freti. Mifereji ya freti aliiziba kwa dawa ya mbao, ubao akaupaka ile rangi ngumu ya maboti, halafu mwaka 1976 akatoa santuri ambayo wapiga besi hawajamaliza kuisoma hadi leo. Angeogopa kuichokonoa, tungeipata wapi sauti ile?

MZEE: Jaco alikuwa mmoja, mjukuu wangu. Waliong'oa freti baada yake ukiwapanga mstari utafika Ubungo, na nusu yao besi zimekuwa za kutundika ukutani.

FUNDI: Na hata huyo Jaco hadithi zake ni mbili. Safari moja alisema kazing'oa mwenyewe kwa kisu cha siagi. Safari nyingine akasema kainunua freti zimeshatoka. Sasa nishike hadithi ipi, nilete kisu?

KIJANA: Lete chochote, dada. Besi ni yangu.

MZEE: Hapo ndipo unapokosea. Nikupe mtu mwingine. James Jamerson, pale Motown, Detroit. Sisi wakati ule hatukulijua jina lake, maana kwenye santuri hawakumwandika, tulisikia kidole chake tu. Kidole kimoja, cha shahada. Alikuwa na Precision ya mwaka 1962, nyuzi nene zenye ngozi laini, na hakuzibadilisha mpaka ukatike mmoja. Chini ya kifuniko cha daraja kuna sponji la kufisha mlio. Hakuna priampu wala rangi ya boti. Na nusu ya nyimbo zilizochezwa dunia nzima miaka ile zimesimama juu ya kidole hicho.

Mzee alitia chumvi kwenye hiyo nusu, lakini mengine ni kweli. Jamerson aliamini kwamba sauti hukaa ndani ya uchafu wa nyuzi, na nyuzi mpya kwake zilikuwa sawa na kiatu kipya siku ya safari ndefu.

KIJANA: Sawa, babu, lakini hiyo Precision yenyewe ilitoka wapi? Leo Fender aliitoa mwaka 1951 ikiwa na pikapu moja iliyonyooka. Mwaka 1957 akaikata pikapu vipande viwili. Mwaka 1960 akaleta Jazz Bass, pikapu mbili, shingo nyembamba. Mwaka 1976 ikaja StingRay ya Music Man, ina priampu na betri ndani, na mkono wa mzee yule yule umo. Miaka 25 anachokonoa kazi yake mwenyewe! Ikiwa mwenye kuiumba hakuiacha, mimi niiache kwa nini?

Nikiri kwamba hoja hii ilinikamata. Fender hakuwa mpiga gitaa hata kidogo. Alikuwa mtengeneza redio wa Fullerton, California, aliyesomea uhasibu, na alikiangalia chombo kama fundi wa baiskeli anavyoangalia mnyororo. Wapiga dabo besi walilalamika kwamba hawasikiki mbele ya ngoma na tarumbeta, na kwamba kusafiri na dude lile ni sawa na kusafiri na kabati. Akawapa ubao unaobebwa begani, wenye uzi wa inchi 34 kutoka juu hadi darajani, yaani sentimita 86 na kidogo. Akaweka na freti, ili hata asiye na sikio kali apige noti iliyo sawa. Jina la Precision lilitokana na freti hizo hizo ambazo kijana wetu alitaka zing'olewe. Nilitamani kulisema hili pale pale, lakini mzee alikuwa ameshaanza.

MZEE: Wewe unasema besi ni yangu, besi ni yangu. Unajua mimi sijawahi kumiliki besi?

KIJANA: Haiwezekani, babu. Umepiga miaka mingapi?

MZEE: Thelathini na minne. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao, jeshi lina yake, shirika lina yake. Ulipewa besi kama dereva anavyopewa gari la serikali. Ukigombana na kiongozi, na watu walikuwa wanahama bendi usiku usiku, unaondoka na vidole vyako. Besi inabaki stoo. Sasa nani angechukua bisibisi akafungua mali ya ofisi? Ungeandikiwa barua!

FUNDI: Baba yangu alikuwa anasema besi za mabendi zikiletwa hapa zinakuja na mtu wa kuzisimamia, na karatasi ya kutia sahihi.

MZEE: Enhe. Na nyuzi hazikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya themanini hata sabuni ilikuwa ya foleni, nani angeagiza nyuzi za besi kwa fedha za kigeni? Wenzangu walikuwa wanazivua, wanazichemsha kwenye sufuria, wanazianika. Mimi sikuchemsha hata siku moja.

Hapa ndipo nilipoanza kuuelewa ubishi wenyewe. Juu juu ilikuwa hoja ya ladha, Jamerson dhidi ya Jaco. Chini yake kulikuwa na suala la mali. Kizazi kizima cha wapiga besi wa dansi kilijenga mtindo wake juu ya vyombo ambavyo hakikuwa na ruhusa ya kuvigusa kwa bisibisi. Kilichobaki kwao kubadilisha ni mkono: upige karibu na daraja au karibu na shingo, kwa dole gumba au kwa nyama ya kidole, uufunge uzi kwa kiganja au uuache ulie. Ukisikiliza kanda zilizorekodiwa Radio Tanzania utasikia besi zinazotofautiana kama sauti za watu, na sina shaka kwamba baadhi ya watu hao walipokezana gitaa lile lile. Sikiliza hata "Sina Makosa" ya Les Wanyika kule Nairobi, besi ya Tom Malanga. Ukiiondoa pale, wimbo unabaki kama nyumba isiyo na sakafu, na hakuna kitu cha ajabu kwenye mlio wake. Ni mahali anapoiweka noti, na mahali anaponyamaza.

Lakini mzee alitaka kuugeuza ufukara wa vyombo kuwa kanuni ya dini, na hilo sikulikubali. Fundi naye hakulikubali.

FUNDI: Mzee, hamkubadilisha kwa sababu mlikatazwa. Huyu hakukatazwa. Shida yake nyingine kabisa. Kijana, nikuulize. Nyimbo gani zinakusumbua zaidi?

KIJANA: Za G, dada. Nikipiga G najisikia nimepotea kidogo. Ndiyo maana nasema shingo mbovu.

FUNDI: Chomeka.

Akawasha ampu ndogo ya mezani. Mngurumo ukajaa kibanda.

FUNDI: Shika nyuzi zote kwa kiganja. Umepungua?

KIJANA: Hapana.

FUNDI: Gusa chuma cha jeki.

Mngurumo ukanywea.

FUNDI: Basi. Waya wa athi unaokwenda chini ya daraja umekatika. Nyuzi hazijaunganishwa na kitu, kwa hiyo ukizishika, mwili wako unaingiza kelele badala ya kuizima. Sasa sikiliza hili. Umeme wetu unayumba mara 50 kwa sekunde. G ya freti ya 3 kwenye uzi mnene inatikisika mara 49. Na katika kelele hii masikio husikia zaidi pacha lake, 100. Uzi wako wa juu ukiwa wazi ni 98. Maana yake kila unapopiga G, nyuma yako TANESCO nao wanapiga G, imepanda theluthi ya nusu hatua. Hujapotea, mko wawili.

Tulicheka sana, lakini nilikuwa nimeshika kalamu. Nimepiga ala miaka mingi, sijawahi kuambiwa jambo hili. Marekani, ambako Fender alizichonga, umeme wao ni mara 60, na 60 huangukia katikati kabisa ya noti mbili, A iliyopandishwa na B. Kelele yao haifanani na noti yoyote ya besi, kwa hiyo sikio huiweka kando. Yetu inajifanya mwanamuziki.

FUNDI: Na umezidisha mwenyewe. Pikapu zako mbili zimezungushiwa waya kinyume. Ukizifungua zote kikamilifu, kelele ya moja inafuta ya mwenzake. Wewe umeifunga ya mbele, umeacha ya nyuma peke yake.

KIJANA: Jaco alipendelea ya nyuma.

FUNDI: Jaco hakuwa na waya uliokatika.

MZEE: Mimi nilisema. Besi haina makosa.

FUNDI: Mzee, hukusema chochote cha waya. Ulisema habari za sponji.

Alifungua bamba, akaunganisha athi upya kwa dakika zisizozidi kumi. Akiwa humo akapulizia dawa ya kusafishia kontakti ndani ya volyumu iliyokuwa inakwaruza, huku anawalaani wanaotumia mafuta ya taa, maana mafuta huondoa mkwaruzo wiki moja kisha yananasa vumbi hadi kitu kinakufa kabisa. Kisha akaigeuza besi, akafumba jicho moja, akaitazama shingo kwa urefu kama seremala anavyokagua ubao sokoni.

FUNDI: Hii imekunywa maji ya masika. Ona. Bonyeza freti ya kwanza kwa mkono huu, na ya mwisho kwa mwingine. Uzi sasa umekuwa rula. Katikati, freti ya 8 hivi, ipite vocha moja ya kukwangua, basi. Hapa zinapita vocha tatu. Nyuzi nne zikikazwa zinavuta kilo zinazokaribia 80. Ni mfuko wa saruji na nusu unaning'inia kwenye mbao ya unene wa mkono wa mtoto, na mbao imelowa. Lazima ipinde. Halafu wewe unaubonyeza uzi kutoka juu huko, unaunyoosha zaidi ya kipimo, noti inapanda. Umechoka mkono, umeudhika, ukaingia kwenye simu kutafuta pikapu.

KIJANA: Pikapu ingesaidia nini, basi?

FUNDI: Ingechukua matatizo yako na kuyapeleka kwenye spika yakiwa safi zaidi.

Ndani ya shingo ya besi hupita chuma kirefu chenye nati upande mmoja. Ukiikaza, shingo hunyooka na kurudi nyuma. Ukiilegeza, huachia nyuzi ziivute mbele. Fundi alikaza robo mzunguko, akaiweka besi pembeni, akaagiza chai. Aliniambia wanaovunja shingo ni wale wanaotaka kumaliza kwa mkupuo mmoja: mbao hujibu polepole, na mtu asiyesubiri huongeza robo nyingine, na nyingine, mpaka nati inakatika. Kwa watu wa pwani hii ni kazi ya mara mbili kwa mwaka, masika yakiingia na kiangazi kikikolea. Bendi inayotoka Tanga kwenda kupiga Dodoma siku tatu ijue besi yake itafika kule ikiwa imeanza kubadilika.

Baada ya chai alifanya tena kipimo, akashusha vikalio vya nyuzi pale darajani, kisha akapima kila uzi kwenye freti ya 12. Unaugusa tu juu ya freti, unausikiliza mlio ule wa kengele, halafu unaubonyeza pale pale. Sauti mbili zilingane. Ya kubonyeza ikiwa imepanda, kikalio kirudishwe nyuma, mbali na shingo. Uzi mnene ulihitaji kurudi karibu milimita 3. Kijana alishika kichwa.

KIJANA: Yaani miezi yote hii.

MZEE: Bado unataka priampu?

KIJANA: Bado, babu. Na nyuzi tano nitanunua siku moja. Mwalimu wa kwaya yetu hupandisha na kushusha wimbo kufuata waimbaji. Tukianza E, wakishindwa, anashusha mpaka D. Mimi na nyuzi nne nafika E, ukuta. Inabidi niruke juu, besi inakuwa kama sauti ya tenor. Nyuzi tano ningeshuka tu.

MZEE: Sisi tulikuwa tunalegeza uzi.

KIJANA: Katikati ya wimbo, babu?

Mzee hakujibu, na katika mjadala mzima hiyo ndiyo hoja aliyoshindwa waziwazi. Makanisa leo ndiyo waajiri wakubwa wa wapiga besi mjini hapa, nadhani kuliko kumbi zote za dansi zikijumlishwa, na muziki wao una mahitaji yake. Anayewacheka kwa nyuzi tano na sita aende akapige ibada ya saa tatu mfululizo ndipo arudi kucheka.

FUNDI: Nyuzi tano sikatai. Lakini ule wa tano wazi ni mitikisiko 31 kwa sekunde. Mnapigia ampu gani?

KIJANA: Ya kanisa. Spika moja ya inchi 10.

FUNDI: Spika hiyo noti hiyo haiisemi, inaikohoa. Utalipia uzi ambao hakuna atakayeusikia isipokuwa wewe na koni itakayochanika. Na ampu yenyewe nani anaitunza?

KIJANA: Ya wote.

FUNDI: Haya, mzee, mwajiri wako yule amerudi.

Dada huyu huwa anaongea kwa utulivu, ila kuhusu ampu za jumuiya sauti yake ilipanda. Zinaletwa kwake zimeungua, alisema, kwa sababu zile zile kila mwezi. Ya kwanza, ampu ya mzigo wa Japani iliyotengenezwa kwa volti 100, imechomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 zetu bila transfoma ya kushushia. Ya pili, spika. Mtu ana ampu ambayo mwisho wake wa kushuka ni omu 4. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba ni omu 4, sawa. Anaongeza ya tatu ili mtaa mzima usikie, na ampu inajipika yenyewe. Wenye ampu za vali za zamani wana kosa lao la pekee, kuiwasha bila spika yoyote. Hiyo ni kuiua.

FUNDI: Na ile kalamu! Plagi ya miguu miwili, tundu la juu la soketi linachokolewa kwa kalamu ili ifunguke. Kalamu inabaki pale pale, imening'inia. Athi hakuna. Wewe umeshika nyuzi, na nyuzi sasa nimeziunganisha na chuma cha ampu. Mdomo unaugusa kwenye maikrofoni yenye athi nzuri. Ampu ikivuja, umeme unapita kwako. Kijana, kabla ya priampu nunua plagi ya miguu mitatu na umwite fundi umeme akague hiyo soketi. Na usiunge spika kwa waya wa gitaa. Ni mwembamba, unachemka.

KIJANA: Priampu je?

FUNDI: Nitakufungia, ukitaka, mwezi ujao. Kwa masharti. Sitatoboa mbao: betri ya volti 9 itakaa humo humo lilipo tundu la volyumu. Vitu vya zamani utapewa kwenye mfuko, uvitunze. Na ukimaliza kupiga, chomoa waya kwenye besi, maana jeki ndiyo swichi. Ukiuacha umechomekwa usiku kucha, Jumapili betri imekufa na utaniletea lawama.

MZEE: Kutotoboa mbao, hilo nimelipenda.

FUNDI: Kinachoweza kurudishwa nafanya. Kisichorudi, mteja akae na wazo lake wiki mbili kwanza. Freti ndizo hizo. Ukizitoa umezitoa.

Hapo kijana alitulia, kisha akaja na wazo lililonishangaza. Shingo ya besi aina hii imeshikwa mwilini kwa skrubu nne. Je, akitafuta shingo ya pili, ya bei poa, hata iliyolika, hiyo ndiyo ing'olewe freti? Siku akichoka anafungua skrubu nne na kurudisha ya kwanza.

FUNDI: Sasa unaongea kama mwenye mali.

KIJANA: Na ubao wa juu niubandike mpingo. Hautahitaji rangi ya boti.

Jaco alipaka rangi ile kwa sababu nyuzi zenye mzunguko wa waya wa duara hukwangua mbao kama tupa. Mpingo ni mgumu kuliko mbao nyingi, hauelei hata majini, na viwanda vya Ulaya vimeuchonga kuwa klarineti na obo tangu zamani. Unamea kwetu, Kilwa, Lindi na kwingineko, na tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti pamoja na jamii yake yote ya miti. Fundi alimwonya kwamba unakula patasi na kwamba seremala mwenye hasira asipewe. Mzee, niliyedhani atapinga, aliuliza tu kama kipande kitabaki.

Mvua ikazidi. Tukaongea habari za wizi, kwa kuwa kijana alikuwa ameiacha besi mlangoni wakati akinunua chai. Jamerson na Jaco wote waliibiwa. Ya Jamerson ilichukuliwa muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1983. Ya Jaco ilipotea New York mwaka 1986 na kuonekana tena miongo miwili hivi baadaye, mwenyewe kashazikwa. Hata Höfner, besi ya Paul McCartney yenye umbo la fidla, aliyoinunua Hamburg mwaka 1961, iliibwa London mwaka 1972 na kurudi mikononi mwake baada ya nusu karne. Ningeweka hili kwenye habari za utunzaji kabla ya habari zote za unyevu: namba iliyochongwa kwenye besi yako iandike mahali, piga picha, na usiiache kwenye buti la gari. Buti la Dar es Salaam saa saba mchana litaifanyia gundi ya shingo kazi ile ile ambayo mwizi angeifanyia roho yako.

Ikabaki hoja ya nyuzi. Fundi alipitisha kitambaa cheupe chini yake, kikatoka na mstari wa kahawia.

FUNDI: Tangu ununue umebadilisha?

KIJANA: Sijabadilisha. Ninazo mpya kwenye mkoba, nilikuwa nasubiri pikapu kwanza.

FUNDI: Unasikia, mzee? Alitaka kununua pikapu ili apate mlio aliouzima kwa jasho. Uchafu unaingia kati ya mizunguko ya waya, uzi unakuwa mzito, unalala. Weka kitambaa cha pamba mfukoni, futa kila ukimaliza kupiga. Hewa ya chumvi hapa haimsubiri mtu.

MZEE: Zimelala vizuri tu. Usiziamshe.

FUNDI: Zako labda. Yeye anataka kusikia mwanzo wa noti.

Alizifunga mpya moja moja, akifungua moja na kufunga moja ili shingo isikose mzigo wote kwa pamoja. Kijana akachomeka, akafungua pikapu zote mbili, akapiga G. Ilikuwa G moja. Akapiga tena, akaniangalia mimi, sijui kwa nini, labda kwa kuwa nilikuwa na kalamu. Kisha akaanza kupunguzana bei na fundi, kwa sauti ya mtu aliyekuja kutumia laki mbili na sasa anadaiwa elfu thelathini.

Mzee alikuwa ameinama, anaokota nyuzi za zamani sakafuni.

KIJANA: Babu, za nini hizo? Wewe huna gitaa.

MZEE: Mjukuu wa jirani analo. La nyuzi tatu. Ule mnene ulikatika Ramadhani.

Fundi akazichukua kutoka mikononi mwake, akazikunja duara duara, akazifunga kwa raba.

FUNDI: Uzichemshe kwanza, mzee.

MZEE: Sichemshi.